Mabao Sita ya Kipindi cha Pili

UKUTA: Haloo? Nani mwenzangu?

KARANI: Shikamoo mzee. Naongea na Ukuta, golikipa wa zamani wa timu ya taifa?

UKUTA: Marahaba. Wa zamani hasa. Siku hizi ukuta wenyewe una nyufa. Nani wewe?

KARANI: Karani wa kumbukumbu, chama cha soka. Nilikupigia mwezi uliopita kuhusu kitabu cha—

UKUTA: Ee, cha rekodi! Mechi zote za timu tangu ya kwanza. Subiri niache cherehani, inanipigia kelele... [cherehani inanyamaza] Haya, sema.

KARANI: Kitabu kinaingia mtamboni kesho. Umebaki ukurasa mmoja unaonisumbua.

UKUTA: Usiniambie. Zile tisa.

KARANI: Zile tisa, mzee. Samahani.

UKUTA: Samahani ya nini? Kipigo kikubwa kuliko vyote katika historia ya timu. Mashindano yakikaribia tu, redio inanikumbusha. Hata kinyozi wangu ananinyoa huku ananihesabia. Andika: tisa bila, golini Ukuta. Umemaliza.

KARANI: Ndivyo ilivyoandikwa miaka yote. Ila juzi— haloo? Haloo?

UKUTA: Unakatika-katika. Sogea dirishani.

KARANI: Nimesogea. Nasema, juzi wale waliotufunga wametutumia ripoti ya mwamuzi. Karatasi yenyewe, na sahihi yake. Inasema mapumziko golikipa alitoka, kaumia bega. Akaingia wa akiba.

[cherehani inanguruma kidogo, inakoma]

KARANI: Mzee?

UKUTA: Mwamuzi yule alikuwa haoni.

KARANI: Ulipotoka ilikuwa tatu bila. Zile sita hukuwa golini wewe.

UKUTA: Shusha sauti.

KARANI: Niko peke yangu ofisini.

UKUTA: Mimi siko peke yangu. Yuko chumba cha nyuma, anakata kitambaa.

KARANI: Nani?

UKUTA: Huyo wa akiba. Mdogo wangu, tumbo moja. Jezi yake ilisahaulika hotelini, akaingia na yangu. Mvua, tope, nani angemtambua? Magazeti ya huku yalipata matokeo kwa simu tu. Tulipotua waandishi wakanizunguka, Ukuta, imekuwaje? Nikasema nimefungwa mimi. Basi. Mwaka wa thelathini na moja huu.

KARANI: Na wachezaji wenzenu?

UKUTA: Niliwaomba. Walinielewa.

KARANI: Lakini kwa nini, mzee?

UKUTA: Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mechi yake ya kwanza. Ilipokwisha alijifungia bafuni, haongei, hafungui. Nikavunja kitasa kwa bega hilihili bovu. Niliyoyakuta mle siyasemi kwenye simu.

KARANI: Pole. Pole sana, mzee.

UKUTA: Hajagusa mpira tena. Redio ikianza kutangaza mechi, yeye anatoka nje. Sasa wewe unataka umpige chapa na kipigo hicho nchi nzima imsome?

KARANI: Nimesaka mechi hizi miaka sita. Nikijua moja ni ya uongo nikaipitisha, zile nyingine nitazitetea vipi?

UKUTA: Una ndugu?

KARANI: Dada mmoja.

UKUTA: Ungemwandika?

KARANI: ...Sijui.

UKUTA: Basi chana hiyo karatasi.

KARANI: Kuichana siwezi, mzee.

UKUTA: Binti yangu, nakuomba. Mimi si mtu wa kuomba-omba— Ngoja. Ngoja kidogo. [kwa mbali] Hakuna kitu! Mteja tu, anaulizia suti yake. Rudi ukamalizie... Niachie simu. Nimekwambia ni—

[vishindo]

MDOGO WAKE: Haloo.

KARANI: Haloo... shikamoo.

MDOGO WAKE: Marahaba. Huyu mteja wa suti gani anayeambiwa habari za waamuzi? Wewe ndiye wa kitabu?

KARANI: Ndiyo, ni mimi.

MDOGO WAKE: Mimi humo nina mechi ngapi?

KARANI: Mzee wangu, labda tungeongea siku—

MDOGO WAKE: Sema tu.

KARANI: Hakuna hata moja. Imeandikwa, "Aliitwa kikosini, hakucheza."

MDOGO WAKE: Hakucheza. Nilifungwa sita, dada. Kila moja nakuonyesha ilipopitia. Miaka yote hii watu wanamcheka kaka yangu hapa dukani, mimi nimesimama kando na mkasi mkononi. Kila akichekwa, mimi nafungwa upya.

UKUTA: [kwa mbali] Nilifanya kwa ajili yako!

MDOGO WAKE: Najua, kaka. Najua. Sikuwahi kukuomba. Dada, hiyo karatasi inataja penalti?

KARANI: Inataja. Dakika ya themanini na moja. Ilidakwa.

MDOGO WAKE: Kitabuni ni ya nani?

KARANI: Ya... ya kaka yako. Mpaka leo watu husema, kama si Ukuta zingekuwa kumi.

MDOGO WAKE: Nililala kulia. Nikaukumbatia ule mpira kwenye tope, sikuinuka haraka. Nilitaka ubaki pale kidogo. Nilifurahi, unajua? Siku ileile, katikati ya balaa lile, nilifurahi. Sijamwambia mtu.

UKUTA: [kwa mbali] Mbona hukuniambia hata mimi?

MDOGO WAKE: Ningekwambia nini? Ilishakuwa yako.

[simu inakwaruza]

KARANI: Sasa niandikeje?

MDOGO WAKE: Mechi moja. Kafungwa sita. Kadaka penalti.

KARANI: Una hakika? Kikishachapwa hakirudi. Na salio langu linakwisha, simu imeshanionya mara mbili—

MDOGO WAKE: Nina hakika.

KARANI: Na yeye je? Anakubali?

MDOGO WAKE: Amekaa chini, kajifunika uso kwa kitambaa cha mteja. Kaka... kaka, karani anauliza.

UKUTA: [kwa mbali] Mwambie tatu ni zangu. Asinipunguzie hata moja.

MDOGO WAKE: Umesikia?

KARANI: Nimesikia. Tatu, na sita. Naandika sasa hivi, kwa mkono wangu.

MDOGO WAKE: Haya, dada. Kwa heri. Ngoja nimwinue kaka.