Diski Nne za Papa Venant

Padri wetu, wakwe, majirani, na ninyi nyote muliopanda kilima hiki pamoja nasi, mimi ni Adalbert, mudogo wa marehemu, familia imenipa kusoma kwa sababu niko na sauti kubwa, akili zilibakia kwake.

Papa Venant Bisimwa alizaliwa Luhwindja tarehe 14 Machi 1968, akasoma shule ya musingi palepale na sekondari Kalehe, akapata Diploma ya Serikali mwaka 1988, na tarehe 2 Oktoba 1995 akaanza kazi kwenye maktaba ya chuo kimoja hapa Bukavu, ambako baadaye alipewa kuchunga mashine inayoweka kopi za kurasa za intaneti, ili wanafunzi mia mbili wanaogawana antena moja dhaifu wasizifuate mbali kila mara.

Tarehe 17 Agosti 1996 alifunga ndoa na maman Micheline, Mungu akawajalia Gloire, Héritier na Ornella.

Mwezi wa Mei 2009 alienda harusi Lwiro, akaniachia ufunguo nichunge jenereta tu, lakini mimi niliyezunguka Dubai na Guangzhou kwa biashara nikaona nimusaidie, nikaunganisha zile diski nne ndogo za mashine yake, zinazobeba kopi, ziwe kitu kimoja, kila kopi iandikwe mara mbili, eti usalama, mashine ikalemewa, na zikiwa zimebaki siku tatu za kuweka mémoire, ile kazi ya kumaliza masomo, wanafunzi wakakaa mbele ya skrini nyeupe. Alirudi angali na suti ya harusi, hakunigombeza, aliniuliza tu kama kule Dubai watu mia mbili wanangojea muuzaji mumoja, akazitenganisha, kila diski itafute kurasa zake, zote kwa wakati mumoja, akanieleza kwamba kopi ikipotea utaipata tena kwenye intaneti, lakini siku ya mwanafunzi ikipotea hautaipata popote. Wote waliweka kazi zao kwa tarehe iliyopangwa, na tangu hapo maman Micheline ananiita Injinia wa Dubai, hata asubuhi hii.

Figo zilianza kumusumbua mwaka 2021, akatutoka tarehe 11 Februari 2023, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomubeba kwenye kiti hadi barabarani, na wenzake wa maktaba, hasa Gentil, aliyetuambia kwamba juma lile la mwisho diski moja ilikufa, na hakuna mwanafunzi hata mumoja aliyejua, zile tatu ziliendelea kuhudumia, vile alivyozipanga.

Pumzika kwa amani, mukubwa wangu, hakuna anayengojea.