Siku Nne Nilizomtafsiri Mama

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Itikieni sasa, maana nikimaliza huenda msitake.

Ndugu zangu, mnanijua. Hapa kanisani kwetu Navakholo mtu akinena kwa lugha, mnanigeukia mimi nitafsiri. Kiburi nilikuwa nacho, nisiwafiche.

Alhamisi ile mama yangu aliyumba katikati ya maombi, akashika benchi, kisha akaanza kusema. Maneno yalimtoka kama maji, na hakuna aliyeyajua. Mkono haukulegea, mdomo haukupinda. Mkapiga vigelegele. Mimi nikatafsiri kwamba Bwana anasema tusiogope. Ole wangu!

Nyumbani hakunyamaza. Nikimwambia ale, ananijibu maneno yale yale huku analia. Nikamfungisha kula siku tatu, eti Roho bado anamtumia. Mama mwenye presha! Siku ya nne aliangukia jiko akaungua mkono, ndipo boda boda ikatupeleka hospitali.

Mtaalamu wa usemi, dada mdogo tu, alipanga mbele ya mama kijiko, ufunguo na kikombe. Akamwomba ashike kijiko, bila kuonyesha kwa mkono. Mama akamhubiria, kijiko asikiguse. Akaambiwa afumbe macho, akaendelea kutazama. Hata kurudia neno moja alishindwa. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mzee aliyepooza upande wa kulia. Kusema "ndiyo" tu kulimtoa jasho, lakini kila alichoambiwa alifanya. Yule dada akanieleza kwamba wote wawili wamepatwa na kiharusi, ila hawakuumia mahali pamoja. Mzee anaelewa, kusema ndiko kunamshinda. Mama anasema, ila maneno yetu hayamwingii.

"Hajui kwamba hamumwelewi," akaniambia. "Anadhani mmemkataa."

Ndugu zangu, nililia. Siku nne mama yangu ananiita, na mimi namjibu kwa niaba ya Mungu.

Hajapona. Daktari alisema tulichelewa. Lakini Mungu amenitoa kwenye uongo wangu, na yule dada amenifunza: maneno machache, mkono uonyeshe, kisha ungoje. Wiki jana niliinua kikombe nikasema, "Mama, chai." Akanyoosha mkono. Nilimshukuru Mungu mpaka chai ikapoa.

Mtumainini Bwana. Lakini mtu akianza ghafla kusema yasiyoeleweka, mpandisheni boda boda kwanza, tutaomba njiani. Mama yuko pale benchi la mbele. Msimpigie vigelegele tena. Mkitoka, mpeni tu mkono.