Sauti ya Marehemu Sokoni

Mwaka ule wa tisini na nne, mashua ikivuka Mto Tana kuelekea Masalani, Rukiyo alikumbatia dumu lake la maziwa akiwasikiliza wanaume wawili waliokaa nyuma yake. Mmoja, dalali wa mbuzi, alikuwa akimweleza mzee aliyekutana naye humo humo kwamba tangu kaka yake Salat afariki, yeye huuza kwa kuiga sauti yake.

"Nikiongea kama mimi, wanunuzi wananipita, adeer, ami yangu. Nikiongea kama Salat, wanasimama."

"Wallahi, sauti ya marehemu haiazimwi. Ongea kwa yako. Atakayekataa, akukatae wewe."

"Jana nilijaribu. Nikafungua mdomo, yangu haikuja."

Mashua ikagusa ukingo. Mzee akauliza polepole, "Basi tangu tupande, nimekuwa nikiongea na nani?"

Rukiyo alishuka bila kugeuka nyuma.