Mfalme Gundomari na Kinu cha Mjane Audoflida

Kwa niaba ya ukoo, mimi Radeswinta, dada yake wa tumbo moja, nawasomea maisha ya ndugu yetu kama tulivyoyajua sisi.

Marehemu Mfalme Gundomari alizaliwa tarehe 11 Novemba 664, sikukuu ya Mtakatifu Martino, katika shamba la kifalme kando ya mto Oise, akiwa mtoto wa mwisho wa Mfalme Hildoini na Malkia Austrigilda.

Alisomeshwa na watawa kuanzia mwaka 670, akazijua sheria za Wafranki kwa moyo, ujuzi ambao hakuachiwa autumie, kwani baba yetu alipofariki Machi 675, mkuu wa jumba la kifalme, Ansegrimu, alimkalisha yeye kwenye kiti cha enzi na pete ya muhuri akabaki nayo mwenyewe.

Alitawala miaka kumi na tisa, na kila Machi alipandishwa gari la ng'ombe, nywele zake ndefu za kifalme zimechanwa hadi kiunoni, akapelekwa mbele ya wapiganaji, akasema aliyoandikiwa, akarudishwa.

Mwaka 684 alifunga ndoa na Ingoberga, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 690, mpwa wa Ansegrimu alimnyang'anya mjane Audoflida kinu chake cha maji, naye marehemu akaamua kirudishwe.

"Mtukufu, bila muhuri hayo ni maneno tu," Ansegrimu alimwambia mbele yetu, akicheka.

"Basi nipe muhuri."

"Nitakupa ukikua."

Alikuwa na miaka ishirini na mitano, ana watoto.

Kesho yake alfajiri alipanda farasi peke yake, akaingia kinuni, akawaambia watu wa yule mpwa, "Nasaga hapa mimi, anayetaka kunitoa anishike," na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumgusa mfalme, alibeba magunia siku tisa, nywele nyeupe kwa unga, huku mjane akimfokea, "We baba, punje kidogo kidogo, utaniulia jiwe!" Nilipomfuata alinionyesha malengelenge mikononi, akasema, "Dada, leo nimechoka kwa kazi," nami sikuwahi kumwona na furaha kama ile.

Siku ya kumi wale watu waliondoka, kinu kikabaki cha mjane, lakini ndugu yetu hakuruhusiwa tena kutoka getini, hata kuzika rafiki.

Januari mwaka huu, 694, alishikwa na homa ya kifua, tukaomba apelekwe kwa watawa wenye dawa, tukaambiwa tusubiri, tukasubiri, na tarehe 2 Machi akakata roho.

Tunamshukuru tabibu Frodulfu aliyekesha naye, watawa, majirani, na wahudumu wa jumba waliolia nasi. Tunamshukuru Audoflida na watu wa kijiji chake, waliotembea siku tatu na mikate yao na sasa wamezuiwa nje, mvuani. Ansegrimu, umekaa hapo mbele na walinzi ni wako, waambie wafungue mlango.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Hatutakufukia kabla hawajaingia.