Nyoka Aliyesikika Juu ya Bawa

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Usalama wa Anga. Waheshimiwa wajumbe wa bodi. Wahandisi, marubani na wachunguzi wa ofisi hii. Ndugu wageni waalikwa. Na zaidi ya wote wewe, Bibi Mchunguzi Mkuu, unayestaafu leo huku umekaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyeacha sufuria jikoni: habari za mchana.

Mshereheshaji amenitambulisha kuwa mimi ni "mwakilishi wa wananchi". Namshukuru, lakini wananchi hawajanituma. Mimi ni fundi cherehani, na ni mama mkwe wa rubani. Rubani mwenyewe ni yule pale, aliyejibanza nyuma ya spika. Simama, mwanangu, watu wakuone. Haya, kaa. Ndugu wageni, kuna kipindi sisi wawili tulituhumiwa kuangusha ndege: yeye kwa uzembe, mimi kwa cherehani. Na kama si huyu mama tunayemuaga, mpaka leo ningekuwa napita mtaani nikiwa nimejifunika uso.

Ilikuwa hivi. Binti yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza katika mji wa mbali alikohamishiwa kikazi. Mkwe wangu wakati huo alikuwa anarusha ndege ndogo ya kampuni moja, ile ya viti vinne yenye mabawa juu ya madirisha, na alikuwa anaipeleka huko ikiwa tupu. Akaomba ruhusa anichukue, akapewa. Nikamwambia siendi mikono mitupu. Nitakwenda na cherehani yangu, ile ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono, maana mjukuu wangu hawezi kuvaa nguo za kununua wakati bibi yake ana vidole kumi. Mkwe wangu akaitazama cherehani, akanitazama mimi, akaitazama ndege. Nawauliza nyinyi mliooa: nani kati yenu angethubutu kumwambia mama mkwe wake kwamba mzigo umezidi? Aliichukua kimya kimya, akaenda nayo kwenye mizani, akarudi anatabasamu, akaifunga mkanda kwenye kiti cha nyuma kama abiria mwenye tiketi.

Tukapaa. Na mimi nikaanza kuzungumza. Mimi nikiogopa huzungumza, nikifurahi huzungumza, na siku hiyo nilikuwa na yote mawili. Nilikuwa katikati ya habari za harusi ya jirani, pale bwana harusi alipokuja na viatu visivyofanana, injini ikaanza kukohoa. Ikakohoa, ikapata nafuu, ikakohoa tena, ikawa inaishiwa nguvu polepole kama mtu anayesinzia akiwa amekaa. Nikaendelea na harusi yangu, maana nilidhani ndege zote ndivyo zilivyo. Ndipo mkwe wangu, kijana ambaye tangu amwoe binti yangu hajawahi kunisemesha bila kuinamisha kichwa, akanigeukia, akasema, "Mama, funga mdomo!"

Mheshimiwa Mkurugenzi, nilifunga. Wala haikuwa hofu, ilikuwa mshangao.

Basi injini ikazimika, tukawa tunashuka, nasikia upepo tu, na yeye anaongea na redio kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Akachagua shamba la alizeti. Maua yakatupiga tumboni, tukaruka mara moja, tukatua tena, tukasimama. Hakuna aliyeumia, na cherehani haikupoteza hata sindano. Mkwe wangu akazima kila cha kuzimwa, akanifungua mkanda, akanishusha, kisha akapiga magoti kwenye alizeti.

"Mama, nisamehe. Sikukusudia kukwambia vile."

"Baba," nikamwambia, "tumeanguka kutoka mawinguni, na wewe unaniomba radhi kwa neno?"

Akainuka, akapanda juu ya bawa kuangalia kama mafuta yapo. Akafungua kifuniko cha tangi. Hapo nikasikia sauti ndefu: "Sssss!" Nikapiga ukelele, "Nyoka!" na miguu ikanipeleka nisikokujua. Mwenye shamba, ambaye alikuwa anakuja mbio kutuokoa, aliposikia neno hilo aligeuka, akarudi na majirani na majembe. Walimtafuta nyoka yule kwa bidii mpaka alizeti ambazo ndege iliziacha wima wakazilaza wao.

Nyoka hakuonekana. Lakini mafuta yalionekana, tena tele, na hayo ndiyo yaliyotutia matatani. Kesho yake mafundi wa kampuni walifika, wakaiwasha injini kidogo, na injini ikanguruma kama haijui lolote. Sasa fikirini: mafuta yapo, injini nzima, ndege imo shambani. Lawama iende kwa nani? Meneja akasema rubani alinogewa na stori za mkwewe akasahau kazi. Wengine wakasema ni uzito wa cherehani. Mtaani kwangu walikwenda mbali zaidi, wakasema ndege imeangushwa na mdomo wangu. Watoto wakawa wanapita dirishani kwangu wakinguruma kama injini, na wakifika mlangoni wanakohoa.

Nyumbani hakukuwa na kicheko. Mkwe wangu alisimamishwa kazi, leseni yake ikazuiwa. Binti yangu, aliyekuja kwangu na mtoto kwa likizo ya uzazi, alikuwa ananyonyesha huku analia, na mume wake akawa anaondoka chumbani kila ndege inapopita juu ya nyumba. Hakuniambia kwamba ni kosa langu. Ningefurahi kama angeniambia, maana ningepata cha kujibu.

Ndipo faili likafika kwa huyu mama. Nasikia hapa ofisini mnamwita Mama Tena, na sababu naijua. Unamweleza jambo mwanzo mpaka mwisho, anakusikiliza kwa makini, halafu anasema, "Haya, tena." Unaeleza mara ya pili. "Tena." Mara ya tatu unajikuta unakumbuka hata rangi ya soksi ulizovaa.

Alianza na mkwe wangu. Kijana akaeleza vizuri, ila kila akifika pale injini ilipokohoa anasema, "Kisha nikamwambia abiria neno moja." Neno gani? "Siwezi kulitamka. Yule ni mama mkwe wangu." Tena? "Siwezi." Wachunguzi vijana wakatazamana: huyu anaficha jambo! Naam, alikuwa anaficha, lakini alikuwa anaficha heshima yangu, na kazi yake ikawa inapotea kwa ajili hiyo.

Nikaitwa mimi. Kwanza akaipima cherehani. Kisha, kwa adabu zote, akaniomba nipande mizani mimi mwenyewe. Nilivua viatu, nikavua kitambaa cha kichwa, nikaomba na bangili nizitoe. Akaandika. Ndugu zangu mliosoma ile ripoti, uzito wangu mnaujua, na nawaomba muendelee kuwa waungwana. Jibu lilikuwa kwamba mimi na cherehani yangu tulikuwa ndani ya kipimo, na bado nafasi ya begi ilibaki.

Tukakaa chumba kile cha mwisho wa korido, chenye feni inayolia kila ikizunguka.

"Mkwe wako alikwambia nini kule angani?" akaniuliza.

"Aliniambia nifunge mdomo."

Kijana aliyekuwa anaandika akainama chini ya meza kuokota kalamu ambayo haikuanguka.

"Kwa nini?"

"Alitaka kuisikiliza injini."

"Ilikatika ghafla?"

"Haikukatika ghafla. Ilikuwa inafifia. Inakohoa, inapata nafuu, inakohoa."

"Tena."

Nikarudia. Akaandika, akapiga mstari chini yake. Kisha akasema, "Kila shahidi ametaja nyoka. Wewe ulimwona?"

"Nilimsikia."

"Wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Kwenye bawa, pale mkwe wangu aliposimama anafungua tangi."

Akaweka kalamu mezani. "Dada yangu, nyoka anatafuta nini juu ya bawa la ndege?"

Nilikuwa nimechoka. Nikamjibu, "Hilo muulize nyoka."

Akanyanyuka. Chai yake akaiacha, mkoba akaubeba, na mimi nikamfuata kwa kuwa hakuna aliyeniambia nisimfuate. Njiani kuelekea banda walikoihifadhi ndege akaniuliza, "Ukitoboa kopo la mafuta ya kupikia tundu moja tu, ukaliinamisha, inakuwaje?"

"Yanatoka kidogo, halafu yanagoma."

"Kwa nini?"

"Hewa haiingii. Lazima utoboe tundu la pili."

"Na tangi la ndege ni hivyo hivyo," akasema.

Chini ya bawa la kushoto kuna kibomba chembamba cha kuingizia hewa matangini. Kwa nje kilikuwa kisafi kabisa. Mkwe wangu alikikagua kabla ya kupaa, kama anavyotakiwa. Bibi Mchunguzi Mkuu akajilaza chali kwenye sakafu ya saruji, na gauni lake la ofisini, akapitisha waya. Waya ukaingia, ukaenda, ukakwama. Akausukuma. Ukamdondokea usoni udongo mkavu, na ndani ya udongo watoto wa nyigu, weupe, wanono, wamelala. Ndege ilikuwa imewekwa nje wakati karakana inapakwa rangi, na nyigu wakaona nyumba ya bure. Basi injini ilikuwa inavuta mafuta, tangi halipati hewa, mpaka mafuta yakagoma. Mkwe wangu alipofungua kifuniko, hewa ikaingia kwa nguvu, "Sssss!" na kesho yake injini haikuwa na sababu tena ya kukohoa.

Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika bawa. Yeye hakucheka. Alikuwa bado yuko chini, udongo usoni, ameshatoa simu anapiga. "Ndege ngapi zililala nje siku zile? Zisipae. Hata moja isipae." Ndugu wageni, mojawapo ilikuwa uwanjani, mgonjwa ameshalazwa ndani na machela yake, muuguzi pembeni, mlango unafungwa. Ikasimamishwa. Ndani ya kibomba chake nyigu walikuwa wameshajenga nusu. Kicheko changu kiliishia hapo hapo.

Mkwe wangu alirudishiwa leseni na kazi, na meneja alikuja kwangu mwenyewe kuomba radhi, akaondoka na suruali yake imepunguzwa kiuno. Mimi nikaja ofisini hapa kumshukuru huyu mama. Nikamuuliza, "Watu wote walinicheka. Wewe kwa nini uliniamini?"

Akanitazama. "Sikukuamini, dada yangu. Nilikwenda kuangalia."

Nilikasirika njia nzima! Nilifika nyumbani bado nimefura. Nikamkuta mkwe wangu ameshavaa sare ya kazi, amembeba yule mjukuu wangu mchanga, anatembea naye chumbani apate usingizi kabla hajaenda uwanjani. Nikakaa kwenye kiti, hasira ikanitoka. Kama angeniamini tu, ndugu zangu, mpaka leo tungekuwa shambani na majembe tunatafuta nyoka.

Bibi Mchunguzi Mkuu, dada yangu, nenda ukapumzike, uinywe chai yote mpaka chini ya kikombe. Mheshimiwa Mkurugenzi na ndugu wageni waalikwa, mmenivumilia nikazungumza mpaka mwisho bila hata mmoja kunikatiza, na kwa hilo nawashukuru sana. Nimemaliza. Asanteni.