Mifuko ya Pacha Mmoja

Kwenye basi, muuguzi na fundi cherehani walibishana, mama wa pacha wa kufanana akiwasikiliza kutoka kiti cha nyuma. “Pacha wa kufanana, mmoja akivuta unga wa kulevya, mara nyingi na mwenzake huvuta. Ni damu hiyo, kaka!” alisema muuguzi. “Damu wapi, dada! Chumba kimoja, marafiki walewale. Utajuaje kama si kijiwe wanakoshinda?” “Pacha wasiofanana pia hulala chumba kimoja, mbona hawafuatani hivyo?” “Wanaofanana wanavalishwa sare, hata chooni wanasindikizana!”

Abiria wakacheka. Mama hakucheka. Tangu mwanawe mmoja anaswe na unga, alipekua mifuko ya huyo tu. Yule mpole hakumgusa. Na iwe damu, iwe kijiwe, wanawe walikuwa na vyote sawasawa.

Basi likasimama, wale bado wanabishana. Mama akashuka, akakaza mwendo kwenda kupekua suruali ya yule mpole.