Kamba ya Kwanza ya Struan McKeand

Struan Quintin McKeand, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 katika shamba la Barlauchan, nje kidogo ya Kirkallan. Baba yake alikuwa Quintin, mchunga kondoo, na mama yake Nan. Walijaliwa watoto wawili tu. Wa pili ni mimi, Ishbel. Rhona, mjane wake, aliniomba nisome wasifu huu kwa kuwa nimezoea kupaza sauti minadani. Nilimwambia nitasoma yote, au nisisome kabisa.

Alianza Shule ya Msingi Kirkallan mwaka 1951, akamaliza sekondari Newton Stewart mwaka 1963. Jioni alikuwa akiingia bandani na mwiko wa uji mkononi kama kipaza sauti, akiwasomea kuku bei za kondoo kutoka kwenye gazeti la baba. Siku moja nikamwambia kuku hawasikilizi.

"Wamenyamaza," akasema. "Ulitaka wapige makofi?"

Alijifunza kutengeneza redio katika duka moja la Stranraer, kisha mwaka 1966 akaenda Glasgow kuwa fundi wa sauti. Mwaka 1981 alirudi nyumbani akaanzisha Redio Kirkallan katika chumba kilicho juu ya duka la nyama, akaiongoza miaka kumi na saba. Alisoma barabara zilizofungwa na theluji, mbwa waliopotea na vifo vya majirani, na hakukosea jina la mtu hata mara moja. Wakati huo nilikuwa nimeanza biashara ya kondoo, na nilikuwa nikipanda zile ngazi kugombana naye juu ya matangazo yangu.

"Kaka, tangazo limesomwa mara mbili. Tulikubaliana tatu."

"La tatu umelisoma wewe mwenyewe sasa hivi, na mtaa mzima umekusikia."

Alifunga ndoa na Rhona Hannay, mwalimu wa shule ileile ya Kirkallan, tarehe 20 Juni 1970. Vipaza sauti vya kanisani alivifunga mwenyewe, akasahau kuzima kimoja. Kanisa zima likamsikia akimnong'oneza mchungaji: "Fupisha kidogo, Mchungaji, supu inapoa."

Mwaka 1998 baraza lilipotaka kuifunga Shule ya Kirkallan, Struan aliacha redio akagombea kiti kilichokuwa wazi. Uchaguzi ulikuwa Alhamisi, tarehe 8 Oktoba. Mgombea haruhusiwi kusikika hewani, kwa hiyo wiki hizo alikaa jikoni akiisikiliza redio yake kama mtu mwingine yeyote. Siku hiyo mimi nilikuwa kwenye mnada wa kondoo madume Lanark. Nilimwahidi kwamba saa mbili usiku ningekuwa nimerudi na kupiga kura. Lakini kulikuwa na dume mmoja ambaye mfugaji wake alikataa kumshushia bei, nami sijawahi kuondoka mnadani kabla mwenye mali hajachoka. Saa mbili u nusu bado nilikuwa zizini nikibishana. Kutoka Lanark hadi kwetu ni mwendo wa saa mbili, na vituo vilifungwa saa nne.

Kura zilihesabiwa mara tatu: 611 kwa 611. Sheria yetu inasema zikilingana ipigwe kura ya bahati. Vikaratasi viwili vikatiwa ndani ya kopo la biskuti, na kilichotoka hakikuwa na jina la Struan.

Asubuhi yake nilikwenda kumpa pole.

"Uliwahi?" akaniuliza.

"Niliwahi."

"Asante, mdogo wangu."

Mwezi Februari 1999 baraza lilipitisha uamuzi wa kuifunga shule. Mwezi Mei Struan aligombea tena akashinda, akawatumikia watu hadi mwaka 2012. Mwezi Juni 1999 aliwasaidia watu kupakia madawati kwenye lori, na Rhona alifunga mlango wa darasa alilofundisha jumla ya miaka ishirini na mitano. Nilikuwapo. Nilibeba viti.

Mwaka 2021 alipatikana na saratani ya koo, na mwaka uliofuata alifanyiwa upasuaji uliomwondolea sauti. Baada ya hapo alizungumza kwa daftari na penseli. Novemba iliyopita nilikuwa nimekaa kitandani kwake, akaandika mstari mmoja akanigeuzia daftari:

"Yule dume wa Lanark alifaa?"

Nilimwuliza amejuaje. Akaandika kwamba saa mbili u nusu jioni ile mtangazaji wake wa kilimo alikuwa hewani moja kwa moja kutoka mnadani, na nyuma yake alisikika mwanamke akimwambia mtu kwamba dume wake ana kwato za mbuzi. Struan, jikoni, alikuwa ameitambua sauti. Kwa hiyo aliponiuliza kama niliwahi, jibu alikuwa nalo. Alinipa nafasi, nami nikampa uongo, akaupokea na kunishukuru.

Nikamwambia, "Alikufa kabla ya Krismasi. Kwato."

Alicheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka. Hapo ndipo palipokuwa pa kusema nisamehe. Mimi nikaendelea kumweleza habari za kwato.

Aliaga dunia nyumbani, Jumanne tarehe 9 Januari 2024, Rhona akiwa amemshika mkono.

Orodha ya watu wanane wa kushika kamba za kushushia jeneza kaburini aliiandika mwenyewe. Kamba ya kwanza, ya kichwani, kwa desturi ni ya mtoto mkubwa, lakini yeye aliandika jina langu. Nilimpelekea Lorne, mwanawe mkubwa, kadi niliyopewa yenye namba ya kamba yangu, ili abadilishane nami. Akaikataa: "Shangazi, baba hakuwa mtu wa kukosea majina." Basi nikasema sitaishika kamba hiyo kabla hamjajua mnampa nani. Sasa mmejua. Nisamehe, Struan. Nawe Rhona, nisamehe.

Ameacha mjane, Rhona, watoto wawili, Lorne na Mhairi, wajukuu wanne, na dada mmoja, ambaye leo atamshusha polepole, na hataondoka hapa kabla kazi haijaisha.

Pumzika kwa amani, kaka. Nimewahi.